Viti Vyekundu vya Gari la Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilijichoma kidole gumba kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka mkoba. Fundi Mkuu alinipa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, nishike tu aone kama mkono wangu unatetemeka. Ulitetemeka. Damu ikatoka, nikaifunika kwa ncha ya kanga, nikijua nitarudishwa nyumbani siku ileile niliyokuja. Aliona, akajifanya hajaona.

"Binti," akasema, "ukiogopa sindano, siku ukipewa nyundo si utazimia?"

Karakana ile ilikuwa Keko, upande wa Temeke, na kazi yetu ilikuwa kuyavalisha magari: viti, dari, mazulia ya chini na maturubai. Mie nilitoka kwenye kushona sare za shule, nikadhani kushona ni kushona. Wapi! Kitambaa cha sare ukikosea unafumua, unapiga pasi, tundu linajifunga. Ngozi haina msamaha huo. Ikishatobolewa imetobolewa, na matundu yakikaribiana inachanika mstari mzima. Ndiyo maana Fundi Mkuu alitukataza kabisa kutoboa upya tunaporudishia ngozi ya zamani. "Pita alikopita mwenzio," ndiyo ilikuwa kauli yake, yaani tuingize sindano kwenye matundu yaleyale ya fundi wa kwanza, moja baada ya jingine, hata kama macho yatatutoka. Nyie wa siku hizi mnanunua kava barabarani kwenye foleni, mnalivalisha kiti kama soksi, basi mmemaliza. Sie ilikuwa kiti kimoja kinakula jasho la wiki nzima.

Niseme mapema kwamba mie ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama yangu akinituma chumvi, nilikuwa narudi nusu ya njia kuuliza kama kweli kasema chumvi. Kwenye ufundi wasiwasi huo ulinisaidia, maana nilikuwaga napima mara tatu kabla ya kugusa mkasi. Kwenye maisha umenikondesha.

Kulikuwa na ada mbili ambazo nilizikuta Keko na nikazibeba kila nilikokwenda. Ya kwanza, ngozi kuukuu ikishang'olewa kwenye kiti haikai karakanani. Anapewa fundi viatu, bure, iwe sadaka ya kazi ile. Fundi Mkuu aliamini kazi isiyotolewa sadaka haitulii, gari litarudi na malalamiko. Ada ya pili, gari linalokwenda kuuzwa lazima livalishwe upya kwanza. Hata kama mwenyewe hana kitu, walau viti ving'ae. Hizo ada hakuna aliyetuandikia wala kutufundisha kwa ubao. Uliziona zikifanyika, ukazifanya.

Gari la Daktari liliingia Keko nikiwa nimeshaanza kuaminiwa. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, viti viwili tu, la kijani kilichoiva, pua ndefu, na halina paa la bati. Paa lake lilikuwa turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma ya viti. Daktari alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na turubai lilikuwa limeoza. Fundi Mkuu akaniachia mimi. Sikulala. Turubai la gari la wazi huvutwa adhuhuri, jua likiwa limelilainisha. Ukilivuta asubuhi na umande, mchana linalegea na mvua inaingia shingoni mwa mwenye gari. Nikalivuta adhuhuri, kichwa kinaniuma kwa jua, na lilipofunga kwenye kioo cha mbele bila kubakiza hata upenyo wa kupitisha ukucha, nilikaa chini ya ukuta nikalia.

Daktari alikuja kulichukua na mke wake mpya, Bi Rehema. Mke wa kwanza alikuwa amefariki, kaacha watoto wakubwa wakubwa, na huyu ndiyo kwanza aolewe. Alinikuta nimevimba macho. "Dada, nani kakufia?" akaniuliza. Nikamwambia turubai. Akacheka mpaka akajishika kiuno, na tangu siku hiyo tukawa mashoga.

Toka Keko nilihamia karakana ya mabasi ya umma. Huko Msimamizi alikuwa mtu mkavu, hana salamu wala pole. Nikajitia kupamba kiti cha basi kwa mshono wa urembo, akaja akasimama juu yangu. "Mama," akasema, "abiria hakalii sifa. Anakalia kiti." Nikafumua urembo wote. Baadaye mabasi yale yakafa moja moja, nasi mafundi tukatawanyika, nikafungua kibanda changu Manzese, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro, nikashonea daladala, teksi, na viti vya saluni. Nikadumu hapo mpaka macho yalipoanza kuniletea ukungu. Kibanda nikampa mpwa wangu, nikarudi Temeke kulea wajukuu. Nikadhani nimestaafu.

Kumbe bado. Daktari akafariki. Eda ilipokwisha, warithi wakakaa na shehe kugawa mirathi. Bi Rehema hakujaliwa mtoto, na fungu la mjane penye watoto wa marehemu ni dogo. Nyumba yao ya Kinondoni ikaamuliwa iuzwe. Mtoto mkubwa wa Daktari akasema, "Mama mdogo achukue lile gari kopo la baba, ndilo fungu lake." Wakakubaliana wote, na Bi Rehema naye akakubali, kwa sababu hakutaka kubishana na watu juu ya kaburi bichi. Kuhusu pa kukaa, wakampangia awe anazunguka: miezi kadhaa kwa huyu Kimara, miezi kadhaa kwa yule Tabata. Kama sufuria ya kuazima. Na mnunuzi wa nyumba alitaka akabidhiwe mwisho wa mwezi.

Alinieleza haya tumekaa kibarazani kwake, anachambua mchele. "Shoga yangu," akasema, "sitaki kuzeeka nikiuliza watoto wa mwenzangu kama naweza kuwasha taa." Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua.

Aliyeleta njia ni Saida, mtoto wa kaka yake, binti wa ofisini. Alilipiga picha gari lile na kuliweka mtandaoni kwenye kundi la watu wanaokusanya magari ya zamani. Wiki haijaisha, akajitokeza mtu wa Moshi, mhandisi mstaafu, akasema analitaka na atakuja kuliona. Saida akapiga hesabu zake, akamwambia shangazi yake kwamba gari likienda, kuna nyumba ndogo Chamazi ataipata, yake peke yake. Lisipoenda, mwisho wa mwezi ni begi mkononi na safari ya Kimara.

Basi mie, kwa kinywa changu hiki, bila kuombwa, nikasema gari haliendi kuonwa na mgeni hivyo lilivyo. Viti vyake vyekundu vya ngozi vilikuwa vimepauka na kufanya nyufa. Nikamwambia Bi Rehema, "Bibi harusi hapelekwi ukumbini na kanga ya jikoni. Niachie." Naye akanishukuru. Nikavifungua viti, nikavipeleka Manzese kwenye kibanda cha mpwa wangu, nikafumua ngozi yote, nikashona kava mpya za ngozi ya bandia, nyekundu ya kung'aa, unajiona uso. Ngozi kuukuu nikamkabidhi Kassimu, fundi viatu wa kibanda cha jirani, kama ada inavyotaka. Viti nikavirudisha Kinondoni, nikarudi nyumbani nimejaa furaha.

Saida akanipigia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone viti vilivyopendeza, utadhani gari limetoka melini."

Akauliza polepole, "Viti gani, bibi?"

"Vya gari. Nimevivalisha upya."

"Mungu wangu. Bibi, yule mzee wa Moshi kaniandikia sasa hivi. Kasema kilichomvuta ni vile viti vya zamani. Anavitaka vilevile, na nyufa zake. Kasema mtu asiguse kitu, na anakuja kesho kutwa."

"Anataka nyufa?"

"Anataka nyufa, bibi."

Nikakaa sakafuni nimeshika simu. Maisha yangu yote nimelipwa kuondoa nyufa. Leo mtu anasafiri kutoka Moshi kuzifuata, na mimi nimezigawa sadaka. Nilimwona Bi Rehema na begi lake mlangoni kwa watu. Sikumngoja hata mjukuu anisindikize. Nikashika njia ya Manzese, nikapanda basi la mwendokasi nimesimama, kila kituo linaposimama naona wananichelewesha makusudi.

Kassimu nilimkuta anapaka gundi.

"Kassimu mwanangu, ile ngozi iko wapi?"

"Ipo mama. Nzuri kweli, haijawahi kupita ngozi kama ile hapa."

"Nirudishie."

Akanitazama. "Mama, kwani sadaka inarudishwa?"

"Leo inarudishwa, na dhambi naibeba mie."

Nikamweleza haraka haraka habari ya Bi Rehema. Kassimu hakuuliza tena. Alitoa boksi chini ya meza, akanitandikia vipande kimoja kimoja. Vya kukalia vilikuwepo, vya pembeni vilikuwepo, mgongo wa kiti cha abiria ulikuwepo. Mgongo wa kiti cha dereva ulikuwa umekatwa sehemu ya chini, kipande kizima hakipo.

"Hapa?"

Kassimu akajikuna kichwa. "Hapo nilitoa makubazi, mama. Jozi moja. Kachukua Mzee Mbaraka, wa mtaa wa pili. Alifurahi mno, kasema tangu azaliwe hajavaa kubazi lisilomkata siku ya kwanza."

Adhana ya adhuhuri ikaanza kulia hapohapo. Kassimu akasema Mzee Mbaraka haikosi swala ya jamaa, nitampata msikitini. Nikaenda nikakaa kwenye kibaraza ng'ambo ya mlango wa msikiti, natazama viatu. Nikayaona. Makubazi mekundu, yamepangwa vizuri pembeni, ngozi ya Daktari na nyufa zake. Ningeweza kuyanyanyua nikaondoka, Mungu anisamehe, wazo lilipita. Lakini mlangoni mwa nyumba ya Mungu? Nikabaki nimekaa, na hofu nyingine ikaja: pale mlangoni watu hukosea viatu kila siku, je, akitoka mwingine akayavaa, akapotelea vichochoroni? Kila mguu uliotoka niliutolea macho. Wanaume wakaanza kunitazama vibaya.

Mzee Mbaraka alitoka karibu wa mwisho, mzee mrefu, kanzu safi, fimbo mkononi. Akaingiza miguu kwenye makubazi yake taratibu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kuna nini mama, mbona unanitazama miguu?"

Nilimweleza. Sijui nilimweleza vipi, maana nilianza na mirathi nikaishia na turubai. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akainama kuyatazama makubazi.

"Kumbe nimevaa gari," akasema.

"Umevaa kiti, mzee wangu. Mgongo wa dereva."

"Na huyo mjane hana mtoto?"

"Hana."

Akayavua palepale. Nikashukuru mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikaona miguu yake kwenye lami ya mchana, mzee wa umri ule. Nikamwambia avae kandambili za kutawadhia, nitazirudisha mwenyewe. Akakataa katakata. "Hizo ni wakfu wa msikiti. Siondoki nazo hata hatua moja." Basi nikavua zangu, kandambili za waridi zenye ua juu, nikamwekea mbele. Alizitazama, akanitazama, akasema bismillahi, akazivaa. Mzee Mbaraka akaenda zake na kanzu nyeupe na maua ya waridi, nami nikarudi kwa Kassimu pekupeku, naruka ruka kwenye jua kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kassimu alimtengenezea jozi nyingine siku hiyohiyo, na kandambili zangu zikarudi.

Kesho yake nilishona Kinondoni, ukumbini kwa Bi Rehema. Nilifumua kava zangu mpya za kung'aa, zikaniuma, si uongo. Kisha nikaanza kurudishia ile ya zamani, tundu kwa tundu. Macho yangu na ule ukungu hayakuona matundu tena, ikabidi niyatafute kwa ncha ya kidole, na Bi Rehema ndiye aliyekuwa ananitungia uzi. Sindano ilipokwama niliirudisha nyuma, nikaanza tena. Ngozi ile ilikuwa kavu. Ukivuta kwa nguvu inapasuka, ukilegeza kiti kinakaa hovyo. Yale makubazi niliyafumua nikapata vipande vinne, nikaviunga mgongoni chini. Havikutosha vizuri. Ilibaki mishono miwili mikubwa inayoonekana, na alama za misumari ya Kassimu.

"Akiuliza," nikamwambia Bi Rehema, "tunasema panya."

Akaendelea kutunga uzi.

Mhandisi alifika siku aliyosema. Mtu mpole, mvi kichwani, alivua kofia akatusalimia vizuri, "Shikamooni mama zangu," ingawa hatukumpita sana. Saida akamzungusha. Aliwasha injini, ikakohoa, ikashika. Alitazama chini ya gari, akatazama milango, akafungua na kufunga turubai akasema limekaa vizuri. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Rehema. Halafu akaingia kwenye viti. Akapitisha kiganja kwenye ngozi, kiti cha abiria, kiti cha dereva, akateremka mgongoni mpaka chini. Kiganja kikasimama.

"Hapa pana nini?"

Nikafungua kinywa niseme panya. Bi Rehema akanitangulia.

"Hapo palikuwa makubazi," akasema.

Nilimfinya. Akautoa mkono wangu, akaendelea. Alimweleza yote, kava mpya, sadaka, Kassimu, Mzee Mbaraka na msikiti. Hakupunguza neno. Mhandisi akaondoa kiganja kwenye mshono. Alitoka garini, akazunguka mara moja, akaenda kusimama getini ametupa mgongo, mikono nyuma. Saida alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamsogelea Bi Rehema.

"Umejiua, Rehema," nikamnong'oneza kwa hasira. "Umejifukuza mwenyewe. Neno moja tu, panya, lingekuua?"

"Nyumba nitakayofia ndani yake siitaki ianze na uongo," akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa kuliko mimi.

Mhandisi akarudi. Uso hausomeki.

"Huyo mzee," akauliza, "alirudi nyumbani na nini miguuni?"

"Kandambili zangu," nikasema.

"Na wewe?"

"Pekupeku."

Alianza kucheka kwa ndani, mabega yakatikisika, mwisho akavua miwani akajifuta macho. "Mama zangu," akasema, "nimezunguka nchi hii nikitafuta magari ya zamani. Kila nikikuta mshono kama huo naambiwa panya. Panya wangekuwa wengi hivyo tusingevuna hata gunia la mahindi." Akakiegemea kiti cha dereva, akaupapasa tena ule mshono. "Hizo kava mpya ziko wapi?"

"Zipo, ninazo," nikasema, nikajua sasa ndiyo ananiadhibu.

"Kaa nazo. Gari nalichukua kama lilivyo."

Bi Rehema alikaa chini palepale uwanjani, kwenye changarawe, na baibui lake zuri. Saida akaanza kulia. Mie nilishindwa kulia, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Vijana wa ufundi wakija kunisalimia siku hizi huniuliza kazi imenifunza nini, wanataka niwape neno la kubandika ukutani. Sina. Kazi imenipa mgongo mbovu na macho ya ukungu, na watu wawili watatu ambao nikiumwa watakuja. Ada ya sadaka nimewaachia, iendelezeni, ila muulizeni mwenye mali kwanza. Ada ya kuvalisha gari kabla ya kuuza, hiyo sijui tena. Naona nilikuwa natibu wasiwasi wangu kuliko kiti cha mtu.

Majuzi nilikwenda Chamazi kwa Bi Rehema kwa mara ya kwanza. Vyumba viwili, uwani padogo, mpapai umeshaota. Tulikula, tukawasema watu, tukaswali. Jua likaanza kuzama, nikasimama nikitafuta mtandio wangu, naanza kuhangaika na foleni ya Mbagala na wajukuu watakula nini. Nikamuuliza kama nitamsumbua nikichukua chupa ya maji ya njiani.

"Lala," akasema Bi Rehema, akaenda kuwasha taa ya nje, na ya ukumbini, na ya uwani, zote. "Hapa hakuna wa kuombwa ruhusa."

Nikampigia mwanangu simu, nikalala.